Breki za Kamanda

Mimi namwonea wivu marehemu. Nasema mapema, nisije nikaonekana najificha. Walio hai nawaweza. Nikimwona mteja anamchekea mke wangu kupita kiasi, nakohoa mara moja tu na mambo yanaisha. Lakini Kamanda utamkohoaje? Amelala huko aliko, hakoromi, hazeeki, hasahau alichotumwa dukani. Kila mwaka unaopita yeye anazidi kuwa mtu mzuri, na mimi nazidi kuwa mtu anayeacha soksi chini ya kiti.

Kamanda alikuwa mume wa kwanza wa mke wangu. Jina hilo alilipata barabarani, kwa kuwa aliendesha malori maisha yake yote, na mke wangu mpaka leo anamwita hivyo hivyo, tena kwa sauti ya chini kidogo, kama mtu anayeonja chai asiungue. Mimi ananiita Fundi. Ni kweli ni fundi, nina karakana ya breki upande wa pili wa barabara. Lakini hata mpita njia anayeuliza choo kiko wapi ananiita Fundi.

Halafu yupo Shangazi. Ni shangazi wa mke wangu, anaishi nasi chumba cha nyuma, na tangu siku ya harusi yetu mimi kwake ni "huyu wa sasa." Huyu wa sasa ameshakula? Mwambieni huyu wa sasa bomba linavuja. Nasema tu kimoyomoyo kwamba siku nikifa na mke wangu akaolewa tena, nitakuwa "yule wa katikati."

Kamanda hakuacha vitu vingi. Aliacha pikapu, koti la ngozi ambalo halinienei mabegani, na trela. Siyo trela la mizigo. Ni lile la kulala, jeupe, la kuvutwa na gari, lenye kitanda, jiko dogo, meza ya kukunja na mapazia ya maua yaliyoshonwa na mke wangu mwenyewe, kwa sababu mke wangu ni fundi cherehani. Trela limeegeshwa uani, na dirisha la chumba chake cha kushonea linatazama uani. Kwa hiyo akikaa kwenye cherehani, uso wake umeelekea trela. Anashona sketi za watu huku anamtazama mume mwenzangu. Niliwahi kupendekeza tumpe mtu lile dude, akapate pa kuweka kuku. Hakunijibu siku nzima, na jioni chai yangu haikuwa na sukari.

Basi siku moja, wakati nafungua viatu mlangoni, akasema mwenyewe, "Fundi, tulitoe trela. Twende ziwani, mimi na wewe."

Nilibaki na kiatu mkononi. Tangu anioe, maana kusema kweli ni yeye aliyenioa, hajawahi kunialika ndani ya trela hata kunywa maji. Moyo ulinipiga kama kijana.

"Lini?" nikauliza.

"Mwisho wa juma lijalo. Ila uzitazame breki kwanza, limekaa muda mrefu. Uzitazame tu, usije ukazibadilisha sana. Breki za Kamanda hazishtui mtu. Ukikanyaga, trela linakuja taratibu, kama mtu anakushika bega."

Kama mtu anakushika bega! Nusu ya magari ya mtaa huu yanasimama kwa sababu ya mikono yangu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia breki zangu zimemshika bega. Chakula kilinishinda jioni ile. Nilikaa nakisukuma kwenye sahani huku Shangazi akinitazama na kuuliza kama huyu wa sasa ana vidonda vya tumbo.

Nilichokuwa nakitaka ni kidogo sana, na nilikijua kabisa. Nilitaka mke wangu asifu kazi ya mikono yangu bila jina la Kamanda kuwemo ndani ya sifa hiyo. Mara moja tu. Ikiwezekana Shangazi awe karibu na asikie. Safari ya ziwani ndiyo ilikuwa nafasi yangu, na breki ndiyo kazi ninayoijua kuliko mtu yeyote katika nyumba ile, awe hai au amekufa.

Jumamosi asubuhi nikafunga karakana, nikaja uani na sanduku langu la spana. Kwanza nikaunganisha trela na pikapu, nikachomeka waya wa umeme, nikalivuta taratibu mpaka barabara ya nyuma isiyo na magari. Breki za trela la namna hii ni za umeme. Ukikanyaga breki kwenye gari, kisanduku kidogo kilichofungwa chini ya dashibodi kinapeleka umeme nyuma mpaka ndani ya magurudumu ya trela. Mle ndani mna sumaku. Ikipata umeme, sumaku inang'ang'ania dramu, bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu, inaburutwa nayo, na katika kuburutwa huko inasukuma mkono wa chuma unaotanua viatu viwili vya breki visugue dramu. Hakuna uchawi. Kile kisanduku kina kitufe cha kuzungusha, cha kuongeza au kupunguza nguvu, na kina kijiti pembeni cha kuwasha breki za trela peke yake bila kugusa za gari.

Nikatazama kile kitufe. Kilikuwa kimezungushwa mpaka mwisho, hakiendi tena. Nikasukuma kijiti. Breki nzima, kwa nguvu ile yote, ingekuwa imefunga magurudumu na kuyaburuta kwenye kokoto. Trela likaja tu. Likapunguza kidogo, likajifikiria, likaja tena.

"Ahaa," nikasema peke yangu. "Hili ndilo bega lenyewe."

Sikuwa nimefurahi namna ile tangu harusi yangu. Nikalirudisha trela uani, nikaweka vipande vya mbao nyuma ya magurudumu, nikalipandisha kwa jeki na kuliweka juu ya stendi. Nikatoa gurudumu la kwanza.

Hapo furaha ikapungua kidogo. Nilipofungua kifuniko cha katikati nilikuta kazi safi. Pini imekunjwa vizuri, ncha zake hazichomi mtu. Grisi kwenye beringi imejazwa kwa mkono wa mtu mwenye subira, hadi ndani kabisa, na hakuna tone lililovuja kwenda kwenye breki. Mafundi wengi wanabandika grisi kwa nje tu na kuondoka. Nilitafuta cha kukosoa, nikakosa. Nikavuta dramu, ikatoka, na nikaona viatu vya breki.

Nikaviangalia. Nikafumba macho, nikaviangalia tena. Nikakimbilia gurudumu la upande wa pili, nikalifungua mbio mbio mpaka nati moja ikanitoroka chini ya trela, nikavuta dramu ya pili. Na kule vilevile.

Sikilizeni. Ndani ya kila gurudumu mna viatu viwili, kimoja kifupi na kimoja kirefu. Kifupi kinakaa mbele, kirefu nyuma, kwa sababu gurudumu likienda mbele kifupi ndicho kinachoshika kwanza na kumsukuma mwenzake. Ndiyo maana breki za kushoto na za kulia hazifanani. Zinakuja zimekamilika kwenye mabamba yake ya chuma, kila moja na upande wake. Hizi zilikuwa zimebadilishana nyumba. Ya kushoto imefungwa kulia, ya kulia imefungwa kushoto. Viatu virefu vyote mbele. Trela la watu wazima lilikuwa linafunga breki vizuri likirudi kinyumenyume tu!

Na haikuishia hapo. Nilipochungulia nyuma ya mabamba, nikakuta viungo vya nyaya vimezungushiwa uzi. Uzi! Umebanana mzunguko kwa mzunguko, halafu utepe mweusi juu yake. Nani anafunga nyaya za umeme kwa uzi kama kifurushi cha zawadi?

Nilicheka. Nilicheka peke yangu chini ya trela, nimelala chali, mpaka machozi yakaingia masikioni. Shangazi akafungua dirisha lake. "Huyu wa sasa ameangukiwa?" akauliza.

"Hapana, Shangazi. Niko salama. Niko salama sana!"

Nikainuka. Sikunawa. Sikujifuta hata kwenye suruali. Nilivuka uani na mikono yangu myeusi nimeinyanyua mbele kama daktari aliyetoka chumba cha upasuaji, nikaingia chumba cha cherehani.

Mke wangu alikuwa anashona gauni la mteja, amefika katikati ya mshono, mguu uko kwenye pedali. Hakuinua macho. Ana tabia hiyo. Mshono haukatwi njiani hata nyumba ikiwaka.

"Mke wangu," nikasema, "unajua Kamanda wako alifanya nini?"

Cherehani ikaendelea.

"Amefunga breki kinyume. Kushoto ameweka kulia, kulia ameweka kushoto. Mtu mzima, dereva wa malori! Hiyo kushikwa bega unayoisema ni trela lisilo na breki. Halikuwa linakushika bega, lilikuwa linakuaga! Na nyaya je? Kafunga kwa uzi! Sijui alidhani anaziba gunia. Karakanani kwangu mtu akifunga breki namna hiyo, namfukuza na kopo lake la chai. Asiyejua kushoto kwake na kulia kwake, anashika spana ya nini?"

Nilikuwa na mengine, nilikuwa nimeyapanga tangu chini ya trela, lakini mshono ukaisha. Akainua mguu wa cherehani, akavuta gauni, akakata uzi kwa mkasi mdogo. Akalikunja gauni vizuri, akaliweka pembeni.

"Nilizifunga mimi," akasema.

Kama kuna mtu amewahi kumwagiwa ndoo ya maji akiwa katikati ya kuimba, atanielewa.

"Wewe?"

"Mimi. Kamanda mgongo ulikuwa umeshamharibikia. Alikuwa hawezi kulala chini, wala kuinama kuangalia. Alikaa kwenye kiti pale mlangoni, ananitajia spana, mimi nafunga. Nilijilaza chini ya trela naangalia magurudumu kwa ndani." Akalichukua lile gauni tena, akaligeuza nje ndani mapajani mwake. Akaweka mkono wake ndani ya mkono wa gauni. "Nguo ukiigeuza hivi, kushoto inakuwa kulia. Nimezoea. Mimi kazi zangu zote nazifanya upande wa ndani. Nikaona niko kwa ndani, nikageuza hesabu. Na uzi ndio nilioujua mimi. Utepe peke yake niliona utabanduka."



"Kumbe hujui," nikasema, na hapo hapo nikajua nimesema vibaya. "Yaani, si kosa kubwa. Mafundi kibao wanakosea."

"Umesema unawafukuza na kopo lao la chai."

"Nilikuwa natia chumvi."

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alikuwa anatazama trela kupitia dirishani, na nikaona kuna kitu anakihesabu kichwani, namna anavyohesabu kitambaa kabla hajakikata.

"Fundi," akasema, "mtu akifungua lile dude la nje, dramu, hivyo viatu vinaonekana?"

"Vinaonekana wazi."

"Hawezi kukosa kuviona?"

"Labda awe kipofu." Nilifurahi kupata swali la kazi, nikaropoka. "Dereva wa siku nyingi hahitaji hata kufungua. Anaendesha mara moja tu, anajua."

"Kamanda alikuwa anafungua kila kabla ya safari. Anapaka grisi mwenyewe, amekaa kwenye kigoda. Kutoa dramu alikuwa anaweza, kulala chini ndiyo hawezi. Na kila akitaka kufungua alikuwa ananituma dukani. Kila mara kuna kitu kimeisha. Nikirudi, amemaliza, anajifuta mikono, ananiambia, breki zako ziko safi."

Nikaanza kuelewa nilichokifanya, na sikuweza kukizuia.

"Na njia ya mlimani alikuwa haitaki," akaendelea. "Kila mtu anapita mlimani kwenda ziwani, sisi tunazunguka bondeni, siku nzima. Ananiambia anapenda kuona mashamba. Na kupunguza mwendo anaanza mbali, mbali kabisa, taa hata hazijawa nyekundu. Nikamwuliza mbona unajikokota. Akasema ni mazoea ya lori."

Akaweka kiganja mdomoni. Alikuwa anacheka, na machozi yanamtoka, vyote kwa pamoja, na uso wake ulikuwa mzuri kuliko nilivyowahi kuuona. Haukuwa umenielekea mimi.

"Alijua," akasema. "Jamani! Miaka yote ile alijua, na hakusema."

Mimi niliyechimba nikitafuta uchafu wa yule mtu, nilikuwa nimemchimbulia dhahabu yake na kumletea mkewe mkononi. Asubuhi ile Kamanda alikuwa mume mzuri aliyekufa. Saa hiyo alikuwa amekuwa mtakatifu, na aliyemvisha taji ni mimi, na mikono yangu ya grisi. Roho iliniuma waziwazi. Iliniuma hadi kwenye meno.

"Angeweza kuwaua!" nikasema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. "Huo si upendo, huo ni uzembe. Gari linakatiza mbele yenu, trela linawasukuma, mnaenda wapi? Kwa nini asimwite fundi akageuza? Kazi ya nusu siku!"

"Nyaya zingekatwa. Nikiona uzi wangu umekatwa, ningejua."

"Bora ujue uwe hai!"

"Ni kweli," akasema. "Uko sahihi, Fundi."

Alisema kwa moyo mweupe. Alikuwa anakubali kabisa. Na sijawahi kuwa sahihi nikajisikia mnyonge namna ile. Kisha akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu niingie, akaiangalia mikono yangu iliyokuwa bado imenyanyuka.

"Yeye alikaa na siri hiyo mpaka akafa," akasema. "Wewe umeniambia hata hujanawa."

Hakusema kwa ubaya. Alisema tu, kama mtu anayesoma kipimo kwenye tepu. Nikaishusha mikono.

Nilirudi uani. Nilidhani safari imekufa na mimi pamoja nayo. Nikakaa kwenye kigoda kilichokuwa karibu na trela, kumbe nimekalia kigoda cha Kamanda, nikainuka, nikakaa juu ya tairi. Nilikuwa naanza kutafuta ile nati iliyotoroka mke wangu aliposimama mbele yangu. Alikuwa amevaa suruali yangu ya kazi ya zamani, ameifunga kiunoni kwa kipande cha kitambaa, na mkononi ana mkasi.

"Nionyeshe," akasema. "Nataka nizifunge mwenyewe, sawasawa safari hii."

"Mke wangu, acha nikufanyie. Dakika chache tu."

"Nilikosea mimi, nitageuza mimi."

Akajilaza chini ya trela kama mtu aliyezaliwa huko. Alikata uzi wake mwenyewe, taratibu, akauzungusha kidoleni na kuutia mfukoni. Mimi nilikaa kwa nje nampa spana. Tukafungua mabamba, tukayabadilisha. Kabla ya kukaza nilimwambia aweke kidole kwenye kiatu kifupi na aniambie kinatazama wapi. "Mbele," akasema. "Kwenye pikapu." Vizuri. Tukasafisha sumaku, tukaangalia kama zimelika. Zilikuwa bado nzima. Nikampa viungo vya kubana nyaya nikamwambia hivi havihitaji uzi. Akabana, akavuta kuhakikisha, halafu akatoa kidonge cha uzi mfukoni na kuuzungusha juu yake hata hivyo.

"Uzi haumuumizi mtu," akasema kutoka chini.

Nikanyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile nakaa kimya, na nikaona inawezekana.

Tukarudisha dramu na magurudumu. Sasa kurekebisha. Nyuma ya bamba kuna tundu dogo, na ndani ya tundu kuna kigurudumu chenye meno kinachosogeza viatu karibu na dramu au mbali nayo. Unaingiza chuma chembamba kilichopinda, unasukuma jino kwa jino, huku mwingine anazungusha gurudumu. Nikamwambia gurudumu lizungushwe kwenda mbele tu, kamwe si nyuma. Unakaza mpaka ligome. Kisha unalegeza kidogo kidogo mpaka lizunguke huku linakwaruza kwa mbali.

"Mkwaruzo gani?"

"Kama mkasi kwenye kitambaa chepesi."

Akacheka chini kule. Alielewa mara moja. Gurudumu la kushoto alilifanya kwa ustadi, nilikuwa nazungusha na kusikiliza, nikaona hata mimi singelitengeneza vizuri zaidi. Nikamwambia hivyo, na nilikuwa sisemi uongo.

La kulia lilimchosha. Mkono ulikuwa umekufa ganzi, jasho linamwingia machoni. Alilegeza, akasikiliza, akalegeza tena. Akatoka chini, akakaa kwenye kokoto, grisi shavuni na nywele zimejaa vumbi, akapumua.

"Zungusha," akasema.

Nikazungusha. Lilizunguka kirahisi, halina sauti. Lilikuwa limelegea. Siyo sana, meno mawili tu. Trela lingesimama, lakini upande mmoja ungeshika kabla ya mwingine, na siku ya mvua lingevuta kushoto.

"Iko sawa?" akauliza.

Alikuwa ananitazama mimi. Siyo dirisha, siyo pazia, siyo nyuma ya bega langu. Macho yote mawili, yananisubiri mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayejua. Tangu nimwoe nilikuwa nayasubiri macho hayo. Na neno lilikuwa tayari mdomoni, neno la kazi, la kweli, ambalo ningemwambia mtu yeyote karakanani bila hata kufikiri.

"Iko sawa," nikasema.

Akarukaruka kama msichana. Akanishika shati kwa mikono yake michafu, akanibusu kwenye sikio, akakimbilia ndani akiita, "Shangazi! Shangazi, breki nimefunga mwenyewe, tena Fundi amezikubali!" Nikasikia bomba la jikoni linafunguliwa, maji yanamwagika, na Shangazi anauliza fundi gani, na mke wangu anasema, "Mume wangu, Shangazi, fundi gani tena!"

Nilisubiri mpaka nikawa na uhakika kwamba bado ananawa. Kisha nikajilaza chini ya trela haraka, nikaingiza chuma kwenye tundu, nikakaza jino moja, nikakaza la pili. Kwa mkono mwingine nikazungusha gurudumu. Likakwaruza kwa mbali, ilivyotakiwa. Nikajitoa, nikafuta alama ya mgongo wangu kwenye vumbi kwa mguu.

Mchana tulilijaribu barabara ya nyuma, yeye akiendesha. Nilishusha kile kitufe mpaka katikati, maana sasa nguvu nyingi hazikuhitajika. Akasukuma kijiti, na trela likasimama limenyooka, halikuvuta huku wala huku. Akapiga usukani kwa kiganja. "Unaona mikono yangu!" akasema. Nikasema naiona. Akasema basi tupite mlimani, breki tunazo. Nikasema tupite.

Sasa tunapanda mlima, yeye yuko kwenye usukani anaimba, na mimi nimekaa pembeni nasikiliza magurudumu. Nina furaha, sikatai. Lakini nimekuwa nikiwaza tangu tulipoondoka nyumbani. Kumnyamazia mke huyu ili uso wake ubaki vile, hilo pia si langu. Kamanda alilianza, mimi nafuatisha. Ninachomzidi yule mtu ni meno mawili niliyoyakaza kwenye gurudumu la kulia, na ndiyo kazi bora niliyowahi kufanya maishani, na siwezi kumwonyesha.